Brashi na Mkutano Usio na Bango

Mchora mabango akikosea, mtaa mzima unamsoma. Fundi cherehani akikosea, mteja mmoja ndiye atakayelalamika. Mwalimu akikosea, wanafunzi watacheka, kengele italia, yatakuwa yamekwisha. Kosa la mchora mabango linatundikwa juu ya barabara kwa herufi za futi mbili, tena kwa rangi isiyotoka kwa mvua.

Brashi aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na zaidi ya nusu yake aliipitisha juu ya ngazi. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Hata mama mkwe wake alimwita Brashi. Aliweza kuandika jina la duka bila rula wala uzi wa chaki, na herufi zikasimama kama askari kwenye gwaride. Alipenda kujisifu kwamba bila yeye nusu ya wageni wa mtaa ule wangekuwa bado wanauliza njia.

Alikuwa pia mlevi. Hilo halikuandikwa popote, ila kila mtu alilisoma.

Alianza kama wengi wanavyoanza, kwa bia moja baada ya kazi ya jasho. Ile moja ikamwita mwenzake. Miaka ikapita, bia ikaonekana maji, na kunywa kukahama kutoka baa kuja karakanani. Kwenye rafu ya rangi, nyuma ya kopo la kijivu ambalo hakuna mteja aliyewahi kuliulizia, palikuwa na kopo jingine la kijivu, na ndani yake chupa kubwa ya pombe kali, ile ambayo yeye na wanywaji wenzake waliiita mzinga.

Mkewe, mkunga wa zahanati, alilijua kopo hilo. Alilimwaga mara mbili, na mara ya tatu akalikuta limejaa. "Mimi kutwa nzima napokea watu wanaokuja duniani wakilia, hawawezi hata kutembea," alimwambia siku moja alipomkuta mlangoni na kiatu kimoja. "Nikirudi nyumbani sitaki kupokea mwingine."

Binti yao wa pekee alifunga mizigo yake. Alihamia kwa shangazi yake, akaeleza kwamba pale ni karibu na chuo. Hapakuwa karibu na chuo.

Yote hayo Brashi aliyaona, akayazoea, kama mtu anavyozoea jiwe kwenye kiatu. Kilichomshinda ni meno.

Daktari mmoja wa meno, mama mfupi mchangamfu, alifungua kliniki mpya kwenye kona, akampa Brashi kazi ya bango. Brashi aliimaliza Jumamosi mchana, akashuka kwenye ngazi kwa uangalifu wa mtu anayejua kwamba ardhi inacheza, akaenda zake. Jumatatu asubuhi kukawa na kikundi cha watu kimesimama chini ya bango, wameshika mbavu. Lilikuwa limeandikwa vizuri ajabu, kwa buluu yenye kivuli cheupe: KLINIKI YA MANENO.

Watu hawakosi utani. Mmoja aliingia ndani kuuliza kama wanatibu mume aliyejibizana na mkewe kwenye simu. Mama mwingine akaomba miadi kwa ajili ya wifi yake, akasisitiza kwamba hali ni mbaya, mgonjwa haachi kusema hata akiwa usingizini.

Brashi aliitwa. Akapanda, akafuta A na N, akashuka kutazama. Ikabaki M, nafasi, halafu ENO. Sasa kliniki ya meno ilikuwa na pengo. Ikabidi afute lote na kuandika upya, huku umati ukimsaidia kwa kuzitaja herufi moja moja kwa sauti.

Alipomaliza, daktari alimwita ndani, akamkalisha kwenye kile kiti cha kulalia chali.

"Fungua mdomo."

"Sina jino linaloniuma, daktari."

"Najua. Nataka kunusa."

Brashi akafumba mdomo.

"Saa tatu asubuhi, kaka yangu," daktari akasema, bila ukali. Alivuta kistuli akakaa karibu naye. "Kaka yangu mimi, tumbo moja, alikuwa hivyo hivyo. Alikuwa anaendesha lori. Sasa ana miaka sita hajaonja. Alisaidiwa na kikundi cha watu wenye shida hiyo hiyo. Wanakaa, wanasema, wanasikilizana, basi. Hawamtozi mtu kitu, hawamhubirii mtu." Akaandika kwenye kikaratasi cha dawa: Alhamisi, saa kumi na moja jioni, jengo la zamani la posta.

"Chumba gani?"

"Wanahamahama. Utauliza."

"Hawana bango?"

Daktari akamtazama. "Brashi, ungependa jina la kikundi hicho liandikwe mlangoni, halafu mtaa mzima ukuone unaingia?"

Brashi alifikiri kama mtaalamu, kisha akafikiri kama mteja. "Hapana," akakubali.

Alhamisi alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe ambalo huwa anavaa misibani. Tangu alfajiri hakuwa amegusa kopo, na mwili ulikuwa umeanza kumdai: jasho la baridi mgongoni, ulimi mzito. Mkewe, aliyekuwa akipanga vitu vyake vya zamu, alimwangalia kuanzia kola mpaka viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kuona watu."

"Watu gani?"

"Sijawajua bado," akajibu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu lilikuwa jibu la kweli.

Jengo la zamani la posta lilikuwa la ghorofa tatu, lenye korido ndefu na milango inayofanana kama mapacha. Posta ilishahama, siku hizi vyumba vilikodishwa kwa vikundi vya kila aina. Brashi alizunguka ghorofa ya chini yote. Alisoma namba za milango, alisoma tangazo la paka aliyepotea, akasoma maelekezo ya kuzima moto mpaka mwisho. Hakuna kilichomsaidia. Yeye aliyewaelekeza watu miaka yote hiyo alikuwa amepotea kwa kukosa kibao cha shubiri moja. Ikabidi arudi kwa mlinzi pale mlangoni.

"Samahani, ndugu. Natafuta mkutano."

"Mkutano gani?"

"Wa... watu."

"Baba, sijawahi kuona mkutano wa mbuzi humu. Watu gani?"

Nyuma ya Brashi walikuwa wamesimama wasichana wawili wenye madaftari ya nyimbo. Angewezaje kulitamka neno lile mbele yao? Akamwinamia mlinzi, akanong'ona, akitumaini mwanamume mwenzake angeelewa kwa nusu neno: "Hii shida ya... mizinga."

Uso wa mlinzi ukachangamka. "Aa, mizinga! Si ungesema? Ghorofa ya pili, chumba namba saba. Wameshaanza, wahi."

Mlinzi hakuwa na kosa. Kila Alhamisi, kwenye chumba namba saba, hukutana Chama cha Wafuga Nyuki.

Brashi alipofungua mlango alikuta watu tisa kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa duara, chupa ya chai, na sahani ya biskuti. Mwenyekiti alikuwa mama mnene wa miaka sitini hivi, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni.

"Karibu, kaka. Ni mgeni?"

"Mgeni."

"Kaa, jisikie nyumbani. Usiogope, hapa sote tumeshaumwa."

Brashi alikaribia kulia. Sote tumeshaumwa! Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ule ni ugonjwa. Akaketi, magoti yamebanana, mikono ameikalia.

Aliyekuwa na zamu ya kusema ni mwanamume mwembamba, jicho moja limevimba hadi limefumba. "Juzi nilijitia ujuzi," alisema. "Nikaenda kwenye mzinga peke yangu, bila kujiandaa. Nilivyorudi nyumbani na uso huu, mke wangu akanifungia mlango. Alidhani ni mwizi."

Wenzake wakacheka kwa huruma. Brashi akatikisa kichwa. Yeye alishafungiwa mlango mara nne, na mara zote mkewe alijua vizuri ni nani.

"Mimi jirani amenishtaki," akadakia mwanamke mmoja aliyevaa ovaroli. "Eti mizinga yangu inatisha watoto wake."

"Sasa hivi unayo mingapi?"

"Minane."

Brashi alimtazama kwa hofu na heshima. Minane! Na bado anakaa wima!

Kisha akasimama mzee mmoja mwenye tai, mwalimu mstaafu. Alikunja midomo kwanza. "Mimi malkia wangu ameondoka."

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. "Lini, mwalimu?"

"Jumapili, mchana kweupe. Ameondoka na kundi zima. Wamebaki wale wachanga tu, na hao sidhani kama watamaliza wiki."

Hapo Brashi alishindwa kujizuia. "Pole sana, mzee wangu. Lakini hao watoto... hakuna ndugu? Hakuna hata shangazi?"

Mwalimu mstaafu alimgeukia. "Shangazi?"

"Wa kuwalea."

"Nimeshaagiza malkia mwingine," mwalimu akasema taratibu, kama mtu anayemjibu mwanafunzi wa nyuma kabisa. "Atafika wiki ijayo."

Brashi akajisemea moyoni kwamba kumbe duniani kuna watu walioharibikiwa kumshinda yeye. Wazo hilo likampa nguvu. Kwa hiyo mwenyekiti alipomgeukia na kusema, "Na wewe, mgeni wetu, unayo mingapi?" alisimama mwenyewe.

"Naitwa Brashi. Mimi ni mmoja tu."

"Mmoja si haba! Sote tulianza na mmoja."

"Mmoja kwa siku."

Yule mwanamke wa ovaroli akafungua daftari lake haraka. "Kila siku unafungua mmoja? Saa ngapi?"

"Asubuhi. Kabla sijapanda ngazi."

"Asubuhi ni vizuri, wanakuwa wametulia," akasema akiandika. "Na unauweka wapi?"

"Kwenye kopo la rangi."

"Kopo la rangi!" Mwenye jicho lililovimba alishtuka. "Sasa wanapumuaje?"

Brashi hakumsikia. Maneno yalikuwa yameshafunguka, na alijua kwamba akisimama hapo hatayaanza tena. "Zamani mmoja ulinitosha wiki nzima. Sasa bila huo mkono haushiki brashi, na nikishaunywa mkono unashika lakini kichwa hakipo. Binti yangu amehama. Anasema ni kwa sababu ya chuo, na mimi najifanya naamini, kwa sababu nikimuuliza atanijibu. Mke wangu ameacha hata kugomba. Alipokuwa anagomba nilijua bado ananitumainia. Siku hizi ananivuka tu. Sijawahi kumwambia mtu haya."

Kalamu ya mwanamke wa ovaroli ilikuwa imesimama. Mwenyekiti alivaa miwani yake, akamsogelea kidogo.

"Kaka yangu, samahani. Huo mzinga wako una mlango, au una kizibo?"

"Kizibo," akasema Brashi.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akamweleza kwa sauti ya chini yeye yuko wapi, na wao ni nani. Brashi alitazama ukutani, akaona sasa picha kubwa ya nyuki aliyokuwa ameipa mgongo tangu aingie. Joto likampanda kutoka shingoni mpaka masikioni.

"Kumbe ndiyo maana uliniuliza habari za shangazi," akasema mwalimu mstaafu.

Hapo ndipo kicheko kilipowatoka wote. Mwenye jicho alicheka mpaka akalishika jicho lake kwa maumivu. Na Brashi mwenyewe, ambaye sekunde moja kabla alitamani sakafu immeze, alijikuta anacheka hadi machozi, akiegemea bega la mtu asiyemjua.

Alipotulia, akachukua kofia yake. Dirishani aliona, ng'ambo ya barabara, baa yenye bango aliloliandika yeye. Mwenyekiti aliona anapotazama.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, mama. Nimewapotezea muda."

"Wenzako wako humu humu jengoni. Twende tuwatafute." Akamwachia mwalimu kiti chake, akatangulia. Kwenye korido alisema bila kugeuka, "Marehemu mume wangu alikuwa wa kizibo. Kila mwaka aliniambia atakwenda kusema na mtu. Wewe leo umesema. Ulikosea mlango tu."

Mlango wa kwanza waliobisha ulikuwa wa kwaya. Mwenyekiti alichungulia na kuuliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watu shambani, "Hapa ndipo kwenye watu wa pombe?" Wale wasichana wawili wa madaftari walikuwa mstari wa mbele. Brashi alitamani kujificha nyuma ya kilemba cha yule mama. Kiongozi wa kwaya akajibu kwamba si hapo, lakini kama mzee ana sauti nzito, wanamhitaji.

Mlango wa pili ulikuwa darasa la huduma ya kwanza. Watu kumi na mbili walikuwa wanampulizia pumzi mdoli. Si hapo. Mlango wa tatu ulikuwa mkutano wa wapangaji, nao walikuwa wakigombana kiasi kwamba hakuna aliyesikia swali.

Mlango wa nne ulikuwa juu kabisa, ghorofa ya tatu, mwisho wa korido. Mwenyekiti alikuwa anahema, ameshika ukuta. Kwa hiyo Brashi alibisha mwenyewe, akafungua, na kwa sauti ambayo hata yeye ilimshangaza akasema:

"Samahani. Natafuta mkutano wa walevi wanaotaka kuacha."

Walikuwamo watu sita, wamesimama. Viti vilikuwa vimekunjwa na kupangwa kimoja juu ya kingine. Mkutano ulikuwa umekwisha. Aliyekuwa karibu na mlango, kinyozi mwenye kifua kipana na mkoba wa mashine zake begani, alimtazama Brashi shati, viatu, mikono.

"Umefika," akasema.

"Mmemaliza."

"Tulikuwa tumemaliza." Akaweka mkoba chini, akashusha kiti kimoja, akakikunjua. Mwanamke aliyekuwa ameshika funguo alizirudisha mfukoni, akashusha kiti cha pili. Mwingine akapiga simu nyumbani kusema atachelewa, wasimsubiri kula. Dakika moja baadaye viti vyote vilikuwa vimerudi chini, pamoja na kimoja cha ziada.

Brashi aligeuka kumshukuru mwenyekiti wa wafuga nyuki, lakini mama alikuwa ameshaanza kushuka ngazi, akishika ukuta na kuimba wimbo wa ile kwaya.

Akaanza kusema, akianzia na wafuga nyuki wa chumba namba saba. Alidhani mara ya pili ingekuwa rahisi. Ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu hawa walielewa kila neno. Alipofika kwenye kopo la rangi, kinyozi alisema, "Mimi ilikuwa chupa ya dawa ya nywele." Mwanamke wa funguo akasema, "Mimi birika." Hawakumpa ushauri hata mmoja. Mwishoni kinyozi alimwandikia namba yake ya simu kiganjani, kwa sababu, alisema, karatasi hupotea.

"Mimi siku yangu ya kwanza nilizunguka jengo hili mara tatu nikitafuta," akaongeza, "nikakata tamaa, nikarudi nyumbani nimelewa. Wiki iliyofuata nikaja tena. Wewe umetuzidi wote. Umeungama mara mbili kwa jioni moja."

Aliporudi, mkewe alikuwa mlangoni anaondoka kwa zamu. Brashi alimsimulia yote wakiwa wamesimama. Alipofika kwenye "wanapumuaje", mkunga alikaa chini kwenye ngazi, akacheka mpaka akajifunika uso na kanga, na kanga haikutoka usoni hata kicheko kilipokwisha. Brashi akakaa pembeni yake. Zamu ilianza kwa kuchelewa siku hiyo.

Nisiseme kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Siku za kwanza mwili ulimtetemesha vibaya, mkewe akampeleka kwa daktari wa zahanati, akapewa dawa na kitanda. Wiki ya sita, kwenye ufunguzi wa duka la viatu, mtu alimwekea glasi mkononi, na Brashi akaamka kesho yake hajui shati lake liko wapi. Alipiga ile namba. Kinyozi alifunga kazi mchana, akaja, akakaa naye kibarazani saa tatu nzima wakiangalia kuku wa jirani. "Alhamisi?" akauliza alipokuwa anaondoka. "Alhamisi," akasema Brashi. Akaanza kuhesabu siku upya, kuanzia moja.

Siku hizo sasa zimepita mia nne. Binti hakurudi kuishi nyumbani, kwa sababu kule kwa shangazi alishapata marafiki, lakini huja Jumapili na nguo za kufua, na Jumapili moja alilala sebuleni mchana kutwa, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilala utotoni. Brashi alizima redio akatembea kwa vidole.

Jambo ambalo hakuna aliyemwonya ni urefu wa jioni. Mtu aliyeacha pombe hurudishiwa masaa mengi mno kwa mkupuo, na Brashi hakujua la kuyafanyia. Ndipo yeye na mkewe walipoanza kutembea baada ya kula, siku ambazo mkunga hana zamu: wanashuka mpaka kwenye daraja, wanarudi. Mkewe husimulia yaliyotokea kazini, nani alijifungua, baba gani alizimia, bibi gani alitaka kumpa mtoto jina kabla hajatoka.

"Kumbe unaongea hivi?" Brashi alimwambia juzi.

"Miaka yote naongea. Wewe ndiye hukuwapo."

Wakatembea hatua kadhaa. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mapaa, na mtu mmoja alikuwa anaingiza nguo zake ndani kutoka kwenye kamba.

"Haya," akasema Brashi, "yule wa mapacha ilikuwaje?"

"Nilishakusimulia habari za mapacha. Mwaka juzi."

"Nisimulie tena."

Mkewe akamshika mkono, akaanza tangu mwanzo, tangu gari la wagonjwa lilipokwama kwenye matope.